Hata onyesho la bure linahitaji leseni: ufafanuzi kwa wanaoandaa jioni za filamu za kutia moyo

Kila mwaka unapokaribia kuisha, ofisi za hakimiliki kama yetu hupokea malalamiko ya aina moja. Kikundi cha vijana, klabu ya wanafunzi, nyumba ya ibada au kampuni imetangaza jioni ya kutazama filamu "ya kutafakari maisha na kusonga mbele". Bango limezungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, ukumbi umejaa, na mwenye filamu, ambaye siku hizi huyaona mabango hayo mapema kuliko mnavyodhani, ametuandikia. Tukimpigia simu mwandaaji, jibu tunalijua kabla hajalitamka: hatukutoza kiingilio.

Hatuna shaka na nia zenu. Wengi wa wanaolalamikiwa ni watu waliotaka kumwinua mwenzao aliyefukuzwa kazi, aliyefiwa au aliyefeli mtihani. Lakini sheria haianzi kwa kuuliza ulipata kiasi gani. Inauliza ulimwonyesha nani. Ukitazama sebuleni na familia na wageni wako wa kawaida, hilo ni lako. Ukiwaalika watu kwa tangazo, umefanya onyesho la hadhara, na chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, ruhusa ya onyesho la namna hiyo hutolewa na mwenye haki. Kukosa kiingilio mara nyingi hupunguza ada ya leseni, ila hakuifuti. Zipo nchi zilizoweka msamaha: Japani, kwa mfano, inaruhusu onyesho lisilo la faida, lisilo na kiingilio na ambalo waonyeshaji hawalipwi. Huo ni msamaha wa Japani. Usiuchukue ukautumia kwingine kabla hujasoma sheria ya mahali ulipo.

"Lakini DVD niliinunua kihalali." Kununua DVD ni kama kununua kitabu: nakala ni yako, haki ya kukichapa upya si yako. Akaunti ya huduma ya filamu mtandaoni inakubana zaidi, kwa sababu hapo hata nakala huna. Masharti uliyoyakubali bila kuyasoma yanasema matumizi ni binafsi na si ya biashara. Netflix hutoa ruhusa ya onyesho la kielimu kwa baadhi ya filamu zake za hali halisi, kwa sharti kwamba onyesho lisiwe la kibiashara, na filamu zinazohusika hutajwa wazi. Filamu ambayo haikutajwa haimo, hata iwe na mafunzo kiasi gani.

Walimu nao wana swali lao. Sheria nyingi zinaruhusu filamu itumike kufundishia, na Berne yenyewe inalipa nafasi jambo hilo. Nchini Marekani msamaha huo unahusu ufundishaji wa ana kwa ana, darasani, katika taasisi ya elimu isiyo ya faida, kwa nakala halali. Filamu ya kuwapongeza wanafunzi baada ya mitihani si ufundishaji. Naomba tusibishane tena kuhusu hilo.

Sasa utaratibu. Kwanza tafuta anayeshikilia haki ya maonyesho ya hadhara mahali ulipo. Huenda asiwe kampuni ambayo nembo yake inatokea filamu inapoanza, kwa sababu haki hizi hugawanywa kwa nchi, kwa muda na kwa njia ya kuonyesha. Msambazaji wa sinema, wa televisheni na wa mtandaoni wanaweza kuwa watu watatu tofauti. Majina ya mwishoni mwa filamu yatakupa pa kuanzia. Yapo pia mashirika yanayotoa leseni kwa niaba ya studio nyingi kwa pamoja, na kwa kikundi kinachoonyesha filamu mara kwa mara, leseni ya mwaka huwa nafuu kuliko kuomba filamu moja moja.

Katika barua ya maombi taja jina kamili la filamu na mwaka ilipotoka (majina hufanana sana), tarehe, ukumbi, idadi ya watazamaji unaowatarajia, kama kuna kiingilio au harambee, nani anafadhili, utaonyesha kwa nakala ipi, na kama utarekodi au kurusha mubashara. Hilo la mwisho husahaulika. Leseni ya ukumbini haikupi ruhusa ya kurusha mtandaoni. Kuweka sauti au maandishi ya lugha nyingine nako kunahitaji idhini yake, maana haki ya kutafsiri pia ni ya mwenye kazi. Sehemu nyingine utatakiwa kulipia muziki uliomo kwenye filamu kupitia chama cha kukusanya mirabaha, kwa hiyo uliza mapema kama leseni unayopewa inaugusa muziki au la. Omba wiki kadhaa kabla. Barua inayomfikia mwenye haki Ijumaa kwa ajili ya onyesho la Jumamosi haimsaidii yeye, wala haikusaidii wewe. Na kama mwenye haki hajajibu, hajakubali. Ukimya wake usiuhesabu kuwa ruhusa.

Wengine hukimbilia filamu za zamani wakiamini kwamba muda wake umekwisha. Muda hukoma kweli, lakini si kwa kukisia. Kiwango cha chini cha Berne kwa filamu ni miaka 50 tangu ilipotolewa kwa umma. Umoja wa Ulaya huhesabu miaka 70 tangu kufariki kwa wa mwisho kati ya mwongozaji mkuu, mwandishi wa mswada, mwandishi wa mazungumzo na mtunzi wa muziki wa filamu. Marekani ilifikisha filamu za mwaka 1929 kwenye milki ya umma, yaani zikawa huru kwa yeyote kuzitumia, tarehe 1 Januari 2025. Wala kukosekana kwa alama ya hakimiliki peke yake hakuthibitishi kwamba filamu ni huru, kwa kuwa ulinzi wa Berne hautegemei alama wala usajili.

Mfano ninaoupenda, na unaangukia moja kwa moja kwenye mada yetu, ni It's a Wonderful Life ya mwaka 1946, iliyoongozwa na Frank Capra. Hakimiliki yake nchini Marekani haikuhuishwa mwaka 1974, kama sheria ya huko ilivyotaka wakati huo, vituo vya televisheni vikaanza kuirusha bila kulipa, na filamu ambayo haikufanya vizuri sokoni ilipotoka ikawa kipenzi cha vizazi. Ndipo mwaka 1993 kampuni ya Republic Pictures, ikiegemea uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1990 katika kesi ya filamu nyingine, ikadai haki zake kupitia hadithi fupi ambayo filamu ilitokana nayo na kupitia muziki wake. Vituo vikaacha. Waliokuwa wakiirusha kwa kuamini kwamba "ile ni ya bure" walijikuta wakisoma barua za mawakili. Picha ilikuwa huru. Hadithi na muziki vilikuwa na mwenyewe.

Filamu hiyo inanipa nafasi ya kusema neno juu ya klipu. Video za "motisha" hukata dakika ya mwisho, pale jirani wanapomwaga fedha mezani na kila mtu anaimba, wakaibandikia muziki mwingine na sauti ya mzungumzaji. Sheria inaruhusu kunukuu kwa kiasi kinachohitajika, kwa kutaja chanzo, hasa kama unajadili au unahakiki kazi hiyo. Dakika tatu zilizogeuzwa kuwa tangazo la semina yako hazijadili chochote. Tena mwandishi na mwongozaji wana haki za kimaadili, zilizoingizwa Berne mwaka 1928: kutajwa, na kupinga kazi yao kupotoshwa kwa namna inayowavunjia heshima. Na nje ya sheria kabisa, anayekata hapo ametupa sehemu yenye uzito. Kabla ya wimbo huo yupo mtu aliyesimama darajani usiku akitaka kujiua kwa sababu ya dola 8,000 zilizopotea, na tajiri aliyezificha haadhibiwi hadi filamu inakwisha. Watazamaji wanaoiona yote hutoka na maswali. Wanaoiona klipu hutoka wakipiga makofi.

Hilo linatupeleka kwenye umri. "Ya kutia moyo" si daraja la uainishaji. The Shawshank Redemption ya 1994, ambayo hutajwa katika karibu kila orodha ya filamu za matumaini, ilipewa daraja la R nchini Marekani, yaani aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mtu mzima anayemsimamia. Ina ukatili wa gerezani, na ina mtu anayejiua. Ukiwaandalia vijana, soma daraja lililotolewa mahali ulipo, liandike kwenye bango, na pale filamu inapogusa kujiua, awepo mtu mwenye ujuzi wa ushauri nasaha, si mshereheshaji peke yake.

Kuhusu adhabu, tunaulizwa kama "kweli mtu hushtakiwa kwa filamu". Ndiyo. Mkataba wa TRIPS, unaohusu haki miliki katika biashara na unaotumika tangu 1 Januari 1995, unazitaka nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zimpe mwenye haki njia ya kupata zuio la mahakama, fidia, na nakala haramu kuharibiwa. Kwa uharamia wa makusudi wa kiwango cha kibiashara, lazima kuwe na faini au kifungo. Viwango hutofautiana. Marekani, kwa mfano, mwenye kazi iliyosajiliwa kwa wakati anaweza kuchagua fidia ya kisheria ya dola 750 hadi 30,000 kwa kazi moja, na hadi 150,000 pale ukiukaji ulipokuwa wa kukusudia. Onyesho moja la kikundi kwa kawaida halifiki huko. Mengi huishia kwenye barua ya onyo na malipo ya ada iliyopaswa kulipwa. Kinachoyapeleka mbele ni kurudia baada ya kuonywa, kuuza tiketi, na kurusha mtandaoni.

Kama tayari umepokea barua, usifute bango wala picha za tukio. Zinaonyesha ukubwa halisi wa onyesho na mara nyingi zinakusaidia wewe. Jibu ndani ya muda uliotajwa, hata kama ni kuomba muda zaidi. Eleza tarehe, idadi ya waliohudhuria na chanzo cha nakala, ambatanisha risiti yoyote uliyonayo, na usitoe ahadi ya malipo kabla hujapata ushauri wa kisheria wa kwenu. Makala haya ni elimu kwa umma na hayachukui nafasi ya ushauri huo. Kama onyesho lijalo limeshatangazwa na leseni haijatoka, ahirisha au badilisha filamu, kisha watangazie watu kupitia makundi yale yale mliyotumia kuwaalika.