Akiigiza mwizi si mwizi: maneno mnayotusemea waigizaji Zanzibar

Mie naigiza, stejini zaidi na tamthilia za TV mara moja moja, na kuna maneno nayasikia toka Darajani mpaka Chake nimechoka kumjibu mmoja mmoja, leo nayaandika.

Linaloniuma kuliko yote ni hili la kuwa mtu akicheza mlevi basi na yeye anakunywa, akicheza anaemchukua mume wa mtu basi ndo tabia zake. Nilicheza mke anaemuibia mkwewe mkufu. Tamthilia iliporushwa nikaenda sokoni Mwanakwerekwe, muuza samaki akavuta pochi yake upande wa pili, nikacheka nikidhani ananitania, kumbe hatanii. Mama mdogo akapiga simu usiku, "mwanangu, posa itakuja kweli?" Jamani ile sini ya mkufu tuliirudia mara 11 kwa sababu kivuli cha mkono wangu kilikuwa kinaangukia uso wa mwenzangu, na huyo mkwe nilomuibia ndo alonionesha namna ya kuushika ule mkufu ili kamera iuone, tukimaliza tunakula sahani moja. Na kwa wanawake maneno haya ni makali zaidi, mwanamme akicheza mhuni anaitwa fundi, sie tunaitwa wahuni.

Halafu watu wanadhani hadithi inashutiwa kama inavyooneshwa, mwanzo mpaka mwisho. Sivyo. Nyumba ya watu tumepewa siku 2, basi sini zote za nyumba ile zinashutiwa siku hizo hizo, unaweza ukalia msiba asubuhi na harusi ya huyo huyo maiti ukaicheza alasiri, kwa hiyo lazima ujue kila dakika huyu mtu unaemcheza ameshajua nini na hajajua nini. Yupo na mtu ambae kazi yake ni kukumbuka kanga ilifungwaje jana. Stejini ni mambo mengine kabisa, pale Ngome Kongwe hapana kurudia, na sauti lazima imfikie aliekaa nyuma kabisa, ukiileta sauti hiyo hiyo mbele ya kamera unaonekana unagomba.

Eti kipaji tu kinatosha, mbona Lupita, yule muigizaji wa Kenya, aliibuka tu. Lupita Nyong'o kabla ya kuonekana alifanya kazi nyuma ya kamera kwenye filamu za wengine, akaigiza tamthilia ya Shuga mwaka 2009, akaenda kusoma uigizaji chuo kikuu cha Yale, Marekani, akamaliza 2012, Oscar imekuja 2014. Miaka yote hiyo hamkumuona ndo maana mnasema aliibuka. Huku kwetu ipo TaSUBa, chuo cha sanaa Bagamoyo, watu wanasomea.

Pesa. Wengi wetu tunalipwa mara moja tu, kwa siku au kwa kazi nzima, irudiwe mara 50 kwenye TV huongezewi kitu kama mkataba hausemi. Sheria ya hakimiliki Zanzibar tunayo tokea 2003, lakini utaishikaje kama mlikubaliana kwa mdomo? Mie niliwahi kukubali kwa mdomo na jamaa mmoja, nikaambulia nauli ya boti. Sasa bila ya karatasi sivuki bahari.

Na wanaosema kazi za hapa haziendi popote: ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ipo tokea miaka ya 90, na filamu ya Vuta N'kuvute iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, hadithi ya Unguja hii hii, imeoneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Canada, 2021 na Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar, kitu ambacho nchi ilikuwa haijafanya kwa miaka 20 hivi.

Mama mdogo nilimchukua mazoezini siku moja, akakaa masaa 3 anatuangalia tunarudia ukurasa mmoja, njiani akanyamaza kimya mpaka Michenzani ndo akasema, "kumbe mnasoma." Siku hizi akiulizwa kuhusu mie anajibu mwenyewe.