"Kupashana ujuzi" kwa madaktari bingwa wa macho: maana yake hasa

Ukisikia kwamba madaktari bingwa wa macho wa nchi mbalimbali wanapashana ujuzi, usifikirie makongamano ya hotelini tu. Mihadhara ina nafasi yake, lakini kupasua jicho ni kazi ya mikono. Ujuzi umepashwa pale daktari anapoweza kuifanya kazi peke yake, hospitalini kwake, kwa vifaa alivyonavyo, wakati mgeni aliyemfundisha ameshapanda ndege kurudi kwao. Kambi ya wiki moja inayotibu watu wengi kisha ikaondoka na kila ilichokuja nacho ni msaada mkubwa, na aliyerudishiwa nuru hawezi kuisahau, ila hilo ni jambo jingine.

Mfano ninaoupenda ni wa mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho inapoingia ukungu mpaka mtu asione. Mwaka 1949 Harold Ridley, daktari wa London, alimwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ndani ya jicho kwa mara ya kwanza. Alikuwa amegundua kwamba vipande vya plastiki vya ndege za kivita, vilivyowaingia marubani machoni, havikuwadhuru kama alivyotarajia. Miaka 40 baadaye lenzi hizo bado zilikuwa ghali mno kwa nchi maskini. Wengi walitolewa lenzi mbovu wakaishia kuvaa miwani mizito. Nafuu ilikuja utengenezaji wenyewe uliposafiri. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab kilianza kuzitengeneza Madurai, India, na katikati ya miaka ya 1990 viwanda vikafunguliwa Kathmandu, Nepal, na Asmara, Eritrea, kutokana na juhudi zilizoanzishwa na Fred Hollows, daktari wa macho aliyeishi Australia. Bei ikaporomoka.

Lakini lenzi rahisi bila mkono wa kuiweka haisaidii kitu. Madaktari wa Nepal na India waliboresha upasuaji wa tundu dogo lisiloshonwa, usiohitaji mashine ya bei mbaya. Daktari hukata njia ya upana wa milimita 6 au 7 kwenye sehemu nyeupe ya jicho, lakini haendi moja kwa moja ndani: wembe hupita kwanza katikati ya tabaka, kama mtu anayepasua ukurasa kuwa kurasa mbili, ndipo uingie jichoni. Lenzi yenye ukungu hutolewa humo ikiwa nzima na mpya huingizwa. Akishamaliza, presha ya jicho lenyewe inaukandamiza mlango ule kutoka ndani, ukajifunga bila uzi. Mkono wenye uzoefu humaliza kwa dakika chache.

Hatari kubwa iko kwenye utando wa nyuma wa kifuko kinachoibeba lenzi, mwembamba mara nyingi kuliko unywele. Ukichanika, ute wa ndani ya jicho unaweza kusogea mbele, na matokeo huwa mabaya. Hapo ndipo mwanafunzi hutetemeka, na zamani alijifunzia kwenye jicho la mgonjwa.

Kwa ukanda wetu, ushirikiano umejengwa kwa namna ya kudumu. Mwaka 2012 vyama viwili vya madaktari wa macho viliungana kuwa COECSA, chuo cha madaktari bingwa wa macho cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, chenye makao yake Nairobi. Kazi yake mojawapo ni mtihani wa pamoja, ili bingwa aliyefuzu Kampala apimwe kwa kipimo kilekile cha aliyefuzu Moshi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwahusisha madaktari 50 waliokuwa wakisomea ubingwa Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe. Nusu yao walifanyishwa mazoezi ya ule upasuaji wa tundu dogo kwa siku 5 kwenye macho ya bandia: kukata, kukosea, kurudia, mkufunzi akiwa pembeni. Katika mwaka uliofuata, utando wa nyuma ulichanika kwa wagonjwa wao chini ya 10 katika kila 100; kwa wenzao waliofundishwa kwa kawaida, zaidi ya 25. Mwaka ulipoisha, wale wenzao nao wakapewa siku zao 5.