Je, wajua kwa nini kung'arisha sarafu ya dola ya madini ya fedha kunaiharibu?

Kwa miaka mingi niliamini sarafu ya zamani ikiwaka kama kijiko kipya ndo ina hali nzuri, na ile iliyoingia weusi imechakaa. Nilikosea kabisa, na najua wengi bado wanaamini hivyo hivyo, mtu anarithi dola ya zamani, anaisugua na dawa ya meno mpaka imetakata, akiipeleka kwa mnunuzi anashangaa bei imeshuka.

Chukua dola ya Morgan ya Marekani, uso wa mwanamke mbele, tai nyuma. Zile za zamani zilitengenezwa 1878 hadi 1904 kisha 1921, gramu 26.73, asilimia 90 madini ya fedha, zilobaki shaba.

Siri iko kwenye kugongwa kwake. Kidonge cha madini kikibanwa katikati ya mihuri miwili ya chuma, fedha inatambaa kuelekea ukingoni, kama donge la chapati ukilikandamiza kwa kiganja. Inaacha vistari vidogo mno, jicho halivioni kimoja kimoja, ila vyote vinatoka katikati kwenda nje. Ndo maana ukiinamisha sarafu chini ya taa, mwanga unazunguka juu yake kama spoki za baiskeli, kitu kizuri sana kukitazama. Fikiria mahameli, vinyweleo vyake vikilala upande mmoja kitambaa kinameremeta, ukivisugua ovyo mng'ao unavurugika. Tofauti ni kwamba mahameli unaweza kuyalaza tena, vistari vya fedha vikishaliwa havirudi. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa kweli, lakini mwanga umesimama tu, hauzunguki, na mikwaruzo myembamba imejaa.

Weusi wenyewe ni utando mwembamba wa fedha na salfa. Sio uchakavu, na ukija na rangi za upinde wa mvua wapo wanaolipa zaidi. Sisemi kila usafi ni dhambi, asetoni inaondoa mafuta bila kula fedha, ila kuchovya kwenye asidi kunamenya tabaka kidogo kila mara.

Madaraja ya hali ya sarafu yanaenda 1 hadi 70, skeli aliyoitoa Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa senti kubwa za shaba za zamani za Marekani. Kuanzia 60 ni sarafu ambayo haijatumika, japo inaweza kuwa na makovu maana zilisafirishwa kwenye mifuko ya dola 1,000 zikigongana humo.

Uchakavu unaanzia sehemu zilizoinuka, nywele juu ya sikio na kifua cha tai. Hapa kuna mtego: nyingi za kiwanda cha sarafu cha New Orleans, zenye herufi O ndogo upande wa tai, ziligongwa kwa ulegevu, kifua kikatoka bapa tangu kiwandani. Usikimbilie kusema imetumika, iinamishe polepole chini ya taa, zile spoki zikipita juu ya kifua bila kukatika basi hapajalika, zikizimika pale na rangi imekuwa ya kijivu butu, hapo vidole vya watu vimeshapita.