Nafuu na amani si kitu kimoja

Sentensi ninayoisikia kuliko nyingine zote katika chumba changu cha ushauri ni fupi: "Sina amani na jambo hili." Mtu amepata kazi, au amechumbiwa, au ameombwa kufundisha watoto kanisani, na kifua kimembana. Anakuja kuniuliza kama huko kubanwa ni Roho Mtakatifu anamzuia. Mimi ni mshauri nasaha na ni mwamini. Wasiwasi nimeusomea, na nimeuombea pia, wa wengine na wangu. Kwa hiyo sitamwambia mtu "hayo ni mawazo yako tu." Lakini pia sitamwambia "kama huna amani, acha." Ushauri huo wa pili ndio ninaouogopa zaidi, kwa sababu nimeona jinsi unavyowafungia watu ndani.

Dada mmoja (nimebadilisha mambo ya kutosha ili asitambulike) alikuja na daftari. Ndani alikuwa ameorodhesha kila mahali ambapo Mungu "alimzuia" kwa muda wa miaka mitatu: safari, usaili wa kazi, kuongoza wimbo kwaya ikiimba, harusi ya rafiki yake. La mwisho lilikuwa kipimo cha hospitali ambacho daktari alimwandikia naye hakwenda. Pembeni ya kila mstari aliandika maneno yaleyale: nilipoacha, nikapata amani. Nilimwomba anisomee kwa sauti. Alipofika katikati ya ukurasa wa pili alinyamaza, akalifunga daftari huku kidole kikiwa bado ndani. "Mama," akasema, "mbona Mungu kila siku ananiambia nibaki nyumbani?"

Niseme kwanza kinachotokea mwilini, maana hapo ndipo watu wengi hupotezwa. Ubongo ukihisi hatari, hauingoji akili ithibitishe. Adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, tumbo linavurugika, viganja vinalowa. Kengele hiyo hulia vilevile mbele ya nyoka na mbele ya kipaza sauti. Sasa mtu akighairi, akituma ujumbe kwamba hataweza kuja, kengele inazimika. Ndani ya dakika chache mabega yanashuka, pumzi inarudi, na utamu wake ni mkubwa. Utamu huo jina lake ni nafuu. Mwamini ambaye hajafundishwa kutofautisha ataupa jina la amani ya Mungu, na kuanzia siku hiyo woga wake unakuwa na mhuri wa mbinguni. Ubongo nao umejifunza: tulikimbia, tukapona. Safari ijayo kengele italia mapema zaidi na kwa jambo dogo zaidi.

Ndiyo maana siamini kwamba utulivu wa moyoni peke yake unatosha kuwa kipimo. Tazama Yona. Mungu amemtuma Ninawi, yeye amepanda merikebu ya kwenda Tarshishi, tufani imevuma mpaka mabaharia wanatupa shehena baharini, naye amelala usingizi mzito chini ya merikebu. Angeulizwa kama ana amani na safari ile, angejibu nini? Kisha mtazame Bwana wetu Gethsemane. Yumo katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, na Luka anasema hari yake ikawa kama matone ya damu. Mmoja alilala huku anamkimbia Mungu, mwingine alitokwa na jasho huku anamtii.

Wengine hunijibu kwa Wafilipi 4, ile amani ipitayo akili zote. Naipenda sana aya hiyo, na naomba isomwe polepole. Paulo anasema amani hiyo "itawahifadhi" mioyo yetu, na neno la Kigiriki alilotumia ni la askari walioweka lindo. Lindo huwekwa mahali palipo na adui. Tena angalia inakuja baada ya nini: baada ya haja kujulikana na Mungu kwa kusali na kushukuru. Hakusema inakuja baada ya kughairi safari. Amani ya namna hiyo inaweza kukaa ndani ya mtu ambaye magoti yake yanagongana.

Lugha yetu ina siri nzuri hapa. Neno "wasiwasi" tumelitoa kwenye Kiarabu, na asili yake ni kunong'ona. Hivyo ndivyo wagonjwa wangu wanavyoueleza hata wasiojua asili ya neno: hauji kama hisia tupu, unakuja na maneno. Unanong'ona, tena mara nyingi kwa lugha ya Biblia, kwa sababu unachukua msamiati wa kitu ambacho mtu anakipenda zaidi. Mama mpya utamnong'onezea kuhusu mtoto. Mwamini utamnong'onezea kuhusu wokovu wake.

John Bunyan, mhubiri Mwingereza wa karne ya 17, aliandika wazi jinsi alivyoandamwa kwa muda mrefu na wazo la kumuuza Kristo. Muuze, muuze, muuze, usiku na mchana, mezani na kitandani, naye akijibu sitamuuza, hata kwa maelfu ya dunia, mpaka akachoka. Mtu aliyetaka kweli kumuuza Kristo asingejitesa hivyo. Wazo lilimshika kwa sababu alimpenda. Mwaka 1978 watafiti Stanley Rachman na Padmal de Silva walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba watu wengi wa kawaida, wasio na ugonjwa wowote, hupitiwa na mawazo ya kuogofya yanayofanana na ya wagonjwa. Tofauti kubwa iko kwenye kile mtu anachofanya wazo likishamjia. Mmoja analiacha lipite. Mwingine analikamata, analihoji, anatubu kwa ajili yake, anauliza Mungu anamaanisha nini.

Hapa lazima niguse jambo la kukemea, najua litawagusa wengi. Nimekutana na waamini wanaokemea wazo moja mara mia kwa siku, wakijifunika kwa damu ya Yesu kila linaporudi, na linarudi zaidi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasifikirie dubu mweupe. Dubu aliendelea kuwajia, na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, alijaa kichwani kuliko kwa wale ambao hawakukatazwa. Siidharau mamlaka ya jina la Yesu. Nasema kwamba sala inapogeuka kuwa kitendo unacholazimika kukirudia ili kengele izimike, imeacha kuwa mazungumzo na Baba. Yakobo anasema Mungu huwapa wote kwa ukarimu, "wala hakemei." Unaweza kumwambia mara moja na kuendelea kuosha vyombo.

Roho Mtakatifu anapomshtaki mtu kuhusu dhambi, anataja kitu. Nathani alimwambia Daudi "wewe ndiwe mtu huyo," na Daudi alijua ni Bathsheba na Uria. Zakayo hakubaki na hatia inayoelea hewani. Alisimama akasema atawapa maskini nusu ya mali yake na kurudisha mara nne alichodhulumu. Kuna kosa lenye jina na kuna njia ya kulitengeneza, na likishatengenezwa jambo limekwisha. Wasiwasi haukubali kwisha. Ukitubu utauliza kama ulitubu kwa moyo wote. Ukisema ndiyo, utauliza una uhakika gani. Ukimwomba mtu msamaha akakusamehe, utakuambia hukueleza vizuri, rudi tena. Wataalamu wa roho wa zamani walilipa tatizo hili jina la Kilatini linalomaanisha kijiwe kidogo chenye ncha. Ni kokoto ndani ya kiatu: kila hatua inachoma, na mtu anadhani barabara nzima ni mbaya.

Ignasi wa Loyola, askari aliyekuja kuwa mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliijua kokoto hiyo. Alijeruhiwa vitani Pamplona mwaka 1521, na baada ya kuongoka akaandamwa na mashaka juu ya maungamo yake, akiungama yaleyale tena na tena bila kupata pumziko, hata akajaribiwa kujiua. Maandishi aliyoacha baadaye juu ya kupambanua roho yalitoka kwa mtu aliyepita humo. Mfano wake mmoja nautumia karibu kila wiki: kwa mtu anayekwenda kwa Mungu, mguso wa roho mwema ni kama tone la maji linaloingia kwenye sponji, na mguso wa roho mbaya ni kama tone linaloangukia jiwe, lina kelele na linatapakaa.

Mtu atanipinga: Mungu hana haraka kamwe? Anayo, mara nyingine. Yusufu aliamshwa usiku akaambiwa amchukue mtoto na mama yake akimbilie Misri, akaondoka usiku uleule. Ila liangalie agizo lenyewe. Nani, wapi, kwa nini, mpaka lini, vyote vimo. Yusufu hakuhitaji kulichambua mpaka alfajiri. Wasiwasi hukupa haraka bila kukupa maelezo: fanya kitu, sasa hivi, la sivyo. Hilo "la sivyo" lisikilize vizuri.

Nami nimewahi kukosea. Usiku mmoja niliamka nikiwa na uhakika kwamba mwanangu asisafiri kesho yake. Nilikuwa nimelala vibaya wiki nzima na nimezika ndugu mwezi uliotangulia, lakini hayo sikuyahesabu. Nilimpigia simu saa nane usiku nikamwambia kama neno la Bwana. Akaahirisha, akakosa usaili alioungoja kwa miezi. Barabarani siku ile hapakutokea lolote. Kilichonishtua baadaye ni jinsi nilivyokuwa tayari kusema "Mungu ametuepusha," na hakuna ambaye angeweza kunibishia. Nilimweka mwanangu mahali ambapo kunipinga mimi kungekuwa kumpinga Mungu. Nilimwomba radhi. Alinisamehe haraka kuliko nilivyojisamehe.

Tangu hapo nimekuwa mkali juu ya kuamua peke yako usiku. Samweli aliitwa mara tatu asijue ni nani, na aliyemsaidia kutambua alikuwa mzee Eli, mtu mwenye kasoro nyingi na macho mabovu. Kule Troa ni Paulo aliyeona maono ya mtu wa Makedonia, lakini Matendo 16 inasema waliotambua kwamba Mungu amewaita ni "sisi." Tafuta mtu mmoja au wawili wanaokujua, ambao hawakuogopi na hawafaidiki na uamuzi wako. Na uwaulize mara moja. Ukimuuliza mchungaji jambo lilelile Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, hutafuti tena hekima, unatafuta nafuu kwa mdomo wake.

Tulivyofanya na yule dada ni hivi. Alichukua karatasi akaandika wazo lake kwa maneno yaleyale linavyokuja, bila kulipamba: "Ukienda kupima utakuta kitu kibaya, na Mungu ameshakuonya." Chini yake akaandika liko wapi mwilini, kooni, alisema. Kisha: linanitaka nifanye nini? Nisiende. Nikilitii, maisha yangu yatakuwa mapana zaidi au membamba zaidi? Hapo alikaa muda mrefu. Swali la mwisho ndilo ninalolipenda: kama kengele isingelia kabisa, ningeona lipi ni jema kufanya, kwa Neno ninalolijua na kwa akili aliyonipa Mungu? Akaandika bila kusita, ningeenda, nina watoto. Tulisoma pamoja 1 Yohana 3:20, kwamba moyo wetu ukituhukumu Mungu ni mkuu kuliko moyo huo, na anajua yote.

Nilimpeleka pia kwa daktari wa afya ya akili, kwa sababu miaka mitatu ni mingi. Kwa wasiwasi wa namna hii ipo tiba inayofundisha mtu kukikaribia anachokiogopa hatua kwa hatua, bila kukimbia na bila kurudia vitendo vya kujituliza, na zipo dawa zinazosaidia. Kutumia dawa si kukosa imani, na usiziache kwa sababu mtu ameota kwamba umepona. Na kama unasikia sauti masikioni wakati hakuna mtu, au sauti inakuamuru ujidhuru au umdhuru mwingine, usingoje ibada ya Jumapili. Nenda hospitali leo, na mtu akusindikize.

Eliya alipochoka hata akaomba afe, chini ya mretemu, Mungu hakuanza na mahubiri wala ufunuo. Malaika alimgusa akamwambia inuka, ule. Akala, akanywa, akalala tena, akaamshwa tena ale. Ile sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, huko Horebu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza Mungu anasema nini, huwa nauliza umelala saa ngapi.

Yule dada aliniandikia asubuhi ya siku ya kipimo. Ujumbe ulikuwa na mistari mitatu: "Mama, nimeshafika. Nimekaa kwenye foleni, mikono inatetemeka. Sijaondoka."