Kabla hujalipia ndege ya Caravan ya mtumba, uliza injini imebakiza masaa mangapi

Siku hizi tunapigiwa simu sana na watu wa biashara, mwenye mgodi, mwenye hoteli kisiwani, anakwambia injinia nimeona Cessna Caravan mtandaoni ipo Marekani, rangi mpya, viti vya ngozi, bei poa, nilipie? Sisi tunauliza kwanza injini imebakiza masaa mangapi, na wengi hapo ndo wanakaa kimya.

Caravan nyingi zina injini ya PT6A ya Pratt & Whitney Canada. Ile aina ya PT6A-114A kiwanda kimeiwekea masaa 3,600 ndo ifanyiwe ovahoo, yani ifunguliwe yote itengenezwe upya, na kwenye 1,800 inakaguliwa sehemu ya moto, pale mafuta yanapowakia na yalipo mapanga ya tabaini, yale yanayozungushwa na hewa ya moto. Ovahoo moja ni mamia ya maelfu ya dola. Kwa hiyo ndege mbili za mwaka mmoja, moja imebakiza masaa 3,000 nyingine 200, hiyo ya pili hata ukipunguziwa bei unaweza kuwa umepigwa tu.

Afu kuna mtego. Marekani mtu anayerusha ndege yake binafsi kwa kawaida halazimiki kufata hayo 3,600, kwake ni mapendekezo ya kiwanda, unakuta injini imepita muda na inaruka kihalali kabisa. Wewe unaileta huku unataka kubeba abiria wa kulipa, TCAA au KCAA, yani mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya, wanataka programu ya matengenezo waliyoikubali, na ovahoo ambayo mwenzio aliikwepa inakuja kukuangukia wewe.

Na masaa peke yake hayatoshi. Diski za ndani ya injini zina ukomo unaohesabiwa kwa mizunguko, kuwasha, kupaa, kutua. Caravan iliyokuwa inapandisha watu wa parachuti inashinda ikipanda na kushuka, masaa machache mizunguko kibao. Pia ikiwashwa vibaya joto likapitiliza, hata mara moja, mapanga ya tabaini yanaungua na kwa nje huoni kitu, ndo maana injinia wako, sio wa muuzaji jamani, apitishe kamera nyembamba ndani na asome logibuku, vile vitabu vya kumbukumbu za ndege na matengenezo yake, toka ukurasa wa kwanza. Logibuku ikikosekana hata moja, binafsi ningeachana nayo.

Kutu nayo. Ndege iliyoishi Florida pembeni ya bahari ifunuliwe sakafu iangaliwe chini, maana na wewe pengine unaipeleka Mafia au Lamu, chumvi juu ya chumvi.

Wengine wanauliza bora Pilatus PC-12. Ina presha ndani, yani hewa inashindiliwa mpumue vizuri huko juu, inapanda mpaka futi 30,000, Dar mpaka Mwanza chini ya masaa mawili, Caravan itakuchukua kama mawili na nusu mpaka matatu huku mmepigwa na mawingu. Ila bei yake iko juu sana, na kwa viwanja vya vumbi vifupi vya porini Caravan ndo mwenyewe.

Hela usimtumie muuzaji mkononi, ikae kwa kampuni ya kushikilia malipo, nyingi ziko Oklahoma City ilipo ofisi ya usajili ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani. Wakuangalizie madeni ya ndege huko na kwenye Rejista ya Kimataifa ya Dublin, na uhakikishe usajili wa Marekani unafutwa rasmi kwa barua, maana bila hiyo barua hupati namba ya usajili ya 5H ya Tanzania wala 5Y ya Kenya na ndege italala hangani huku unalipia pakingi.