Kufuta jina la mgonjwa hakutoshi

Wengi hudhani daktari akishafuta jina la mgonjwa na kumziba macho pichani kwa utepe mweusi, yuko huru kuchapisha kisa chake. Sivyo. Miongozo ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba inasema wazi kuwa kuziba macho hakutoshi. Kovu shavuni, umri, kazi, ugonjwa adimu, tarehe ya kulazwa: ndugu akiyasoma hayo atamtambua mara moja. Ndiyo maana mgonjwa anayeweza kutambulika huombwa ridhaa ya maandishi, na huonyeshwa makala yenyewe kabla haijachapishwa. Tena, kukubali kupasuliwa si kukubali kuchapishwa. Inaniuma kuona mambo haya mawili yakichanganywa. Nako kumbadilishia umri au jinsia ili kumficha kunaweza kupotosha matokeo ya kisayansi.