Je, Wajua Kwa Nini Milimita Moja Hubadilisha Sauti ya Gitaa la Umeme?

Mpiga gitaa asiyeridhika na sauti ya chombo chake huanza mapema kuwaza juu ya pikapu mpya, yaani kile kifaa chenye sumaku kinachokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Wakati mwingine kuibadilisha ni lazima. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, pikapu iliyopo haijapata nafasi ya kusikika inavyostahili, kwa sababu tangu gitaa lilipotoka kiwandani hakuna aliyegusa zile skrubu ndogo za pembeni zinazoipandisha na kuishusha. Bisibisi ya bei ndogo na dakika chache za kusikiliza kwa makini zinaweza kuleta mabadiliko ambayo watu huyatafuta kwa fedha nyingi, na sababu yake imo katika namna pikapu inavyofanya kazi.

Pikapu ya kawaida ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mara elfu kadhaa. Sumaku huufanya uzi wa chuma ulio juu yake nao uwe na usumaku kidogo. Uzi ukipigwa, unasogea mbele na nyuma, uga wa sumaku unaopita ndani ya koili, yaani huo waya uliozungushwa, unabadilika, na mabadiliko hayo huzalisha volti ndogo kwenye waya. Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday nchini Uingereza mwaka 1831. Ilipita takriban karne moja kabla George Beauchamp, mwanamuziki wa Marekani, hajaitumia kuunda gitaa ambalo kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Rickenbacker ilianza kuliuza mwaka 1932. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazitoi chochote kwenye pikapu ya aina hii hata zikipigwa kwa nguvu zote: pikapu haisikii hewa wala mbao, bali chuma kinachocheza ndani ya uga wa sumaku.

Nguvu ya uga huo hupungua kwa kasi kadiri mtu anavyosogea mbali na sumaku, na hapo ndipo milimita moja inapopata uzito wake. Pikapu ikiwa karibu sana na uzi, ule upande wa mtikisiko unaokuja kuelekea sumaku huzalisha volti nyingi kuliko upande unaorudi nyuma, hivyo wimbi la sauti hupindika na kuongezewa ukali ambao uzi wenyewe haukuwa nao. Ikiwa mbali kidogo, pande mbili za mtikisiko husomwa kwa usawa zaidi; sauti inapungua nguvu lakini inakuwa safi, na tofauti kati ya kidole kilichogusa taratibu na kidole kilichopiga kwa hamaki inasikika wazi. Wengi hudanganywa hapa, kwa kuwa sikio la binadamu huichukulia sauti kubwa kuwa ndiyo nzuri zaidi. Ukitaka kulinganisha kimo kimoja na kingine kwa haki, ongeza au punguza amplifaya mpaka ukubwa wa sauti ulingane, kisha ndipo uhukumu.

Ukaribu uliopita kiasi una madhara mengine mabaya zaidi. Sumaku huuvuta uzi, na mvuto huo ni mkubwa upande wa juu na chini kuliko upande wa kulia na kushoto, kwa hiyo uzi mmoja huanza kutikisika kwa kasi mbili zinazotofautiana kidogo kulingana na uelekeo wake. Kasi hizo mbili zikichanganyika, noti husikika ikiyumbayumba kana kwamba imetoka kwenye tuni, hasa kwenye nyuzi nene zinapobanwa kwenye freti (vile vijiti vya chuma vya shingoni) za juu. Tatizo hili hujitokeza zaidi kwenye pikapu za mtindo wa Stratocaster, gitaa maarufu la kampuni ya Fender, ambazo nguzo zake sita ni sumaku zenyewe zinazotazamana na nyuzi moja kwa moja. Kuna wanaohangaika na tuni ya gitaa kwa muda mrefu, wakabadilisha nyuzi na hata kulipeleka kwa fundi, kumbe pikapu ya shingoni imepandishwa mno.

Mahali pikapu ilipowekwa nako kuna maana yake. Uzi hautikisiki kwa urefu wake wote tu, bali wakati huohuo hutikisika kwa nusu, theluthi, robo na vipande vidogo zaidi, na kila pikapu husikia sehemu ile tu iliyo juu yake. Kwenye Stratocaster, ambayo uzi wake una urefu wa milimita 648, pikapu ya shingoni iko karibu milimita 162 kutoka darajani, pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa gitaa, yaani robo ya urefu wa uzi. Mtikisiko wa robo una sehemu tulivu papo hapo, kwa hiyo uzi ukipigwa bila kubanwa, mtikisiko huo karibu hausikiki, ilhali mtikisiko wa nusu uko kwenye kilele chake. Matokeo yake ni sauti nene na ya mviringo. Karibu na daraja uzi husogea kidogo tu, na mitikisiko ya vipande vidogo inapata nguvu inayokaribia ile ya uzi mzima, ndiyo maana sauti ya huko ni kali na nyembamba. Kwa hiyo pikapu ya daraja inahitaji kukaa karibu zaidi na nyuzi kuliko ya shingo ili sauti zake zisipishane sana.

Kurekebisha kwenyewe hakuna siri. Kwanza weka nyuzi mpya au zilizo katika hali nzuri, tuni gitaa, kisha bana uzi wa kwanza na wa sita kwenye freti ya mwisho na upime kwa rula nafasi iliyopo kati ya uzi na sumaku. Kwa pikapu za koili moja za mtindo wa zamani, mahali pazuri pa kuanzia ni milimita 2.4 upande wa nyuzi nene na 2 upande wa nyuzi nyembamba. Kwa zile za koili mbili, 2.4 shingoni na 1.6 darajani hufaa. Takwimu hizi ni mwanzo tu. Weka amplifaya kwenye sauti safi, bila mwangwi wala mkwaruzo, kisha anza na pikapu ya shingoni, kwa sababu ndiyo inayozidi nguvu kwa urahisi. Ishushe mpaka nyuzi nene zisikike kila moja peke yake hata ukipiga kodi nzima, halafu pandisha ile ya daraja mpaka ukigeuza swichi ukubwa wa sauti usiruke. Kwa kawaida skrubu ikikazwa pikapu hupanda, ikilegezwa hushuka. Geuza nusu mzunguko tu kila mara na usikilize kabla ya kuendelea. Pikapu ya kati kwenye gitaa lenye pikapu tatu inaweza kushushwa zaidi ya zote, maana inakaa palepale kidole au kipande cha kupigia kinapopita.

Uzi mmoja ukizidi wengine, angalia nguzo za sumaku. Pikapu nyingi za koili mbili zina safu ya skrubu sita zinazoweza kupandishwa au kushushwa moja moja. Kwenye pikapu za koili moja za mtindo wa miaka ya 1950 nguzo hazilingani kwa kimo, na ile ya uzi wa tatu imeinuka sana kwa kuwa enzi hizo uzi huo ulizungushiwa waya kama nyuzi nene. Leo wengi hutumia uzi wa tatu usiozungushiwa, na ndiyo sababu unapiga kelele kuliko majirani zake. Usijaribu kuisukuma nguzo hiyo kwa nguvu. Katika pikapu za namna hii waya mara nyingi umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku, na kuisogeza kunaweza kuukata. Heri kuinamisha pikapu nzima, au kununua seti yenye nguzo zilizo sawa.

Iwapo baada ya hayo yote sauti bado si ile unayoitaka, hapo kununua kunakuwa na mantiki. Uamuzi wa kwanza ni kati ya koili moja na koili mbili. Koili moja hutoa sauti ya wazi na yenye mng'ao, lakini hunasa mvumo wa nyaya za umeme zilizo karibu, ambao Afrika Mashariki hutikisika mara 50 kwa sekunde na Marekani mara 60. Mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba hataza ya dawa ya mvumo huo mwaka 1955, na magitaa yenye pikapu hizo yakaanza kutoka mwaka 1957: koili mbili zinazowekwa sambamba, mizunguko yake ikiwa kinyume na ncha za sumaku zake pia zikiwa kinyume. Sauti ya nyuzi inageuzwa mara mbili na hivyo kujumlishwa, ilhali mvumo, usiojali sumaku, unageuzwa mara moja na kujifuta. Gharama yake ni kwamba sehemu ya ukali wa juu hupotea pamoja nao.

Wauzaji hupenda kutaja ukinzani wa waya, unaopimwa kwa omu, kana kwamba omu 16,000 ni bora kuliko omu 8,000. Takwimu hiyo peke yake haisemi mengi kuhusu toni. Kinachoamua zaidi ni mahali, kati ya sauti za chini na za juu, ambapo koili na kebo kwa pamoja huinua sauti kabla ya kuikata: kwa koili moja ya kawaida kilele hicho huangukia karibu na mitikisiko 4,000 kwa sekunde, na kwa koili mbili karibu na 3,000. Mizunguko ya waya ikiongezwa, kilele kinashuka na sauti inakuwa nzito. Kebo ndefu hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo aliyehamia kebo ya mita 9 kutoka ile ya mita 3 asilaumu pikapu akiona mng'ao umepotea. Vizungushio vya sauti navyo vina sehemu yake. Desturi ni omu 250,000 kwa koili moja na omu 500,000 kwa koili mbili, na ukivibadilishana utasikia tofauti.

Chagua pia kwa kufikiria wenzako jukwaani. Katika muziki wa dansi na sebene ya Kongo, magitaa mawili au matatu huzungumza kwa wakati mmoja, na gitaa la ridhimu lenye sauti nene iliyojaa huwafunika solo na besi kwa pamoja, hata kama lilisikika tamu sana chumbani. Kwa kazi hiyo ningechagua koili moja, au koili mbili zilizoshushwa mbali na nyuzi.

Ukinunua pikapu moja tu ya kukaa pamoja na ya zamani, hakikisha zinakubaliana kabla ya kulehemu. Unganisha kila moja na mita ya volti, gusisha bisibisi kwenye sumaku zake, kisha ivute ghafla uone mshale unaelekea wapi. Mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, zikiwashwa pamoja zitafutana na kubaki sauti nyembamba ya puani; badilisha nafasi za nyaya mbili za pikapu mojawapo, ila kama ina kifuniko cha chuma kilichounganishwa na waya mmoja, tenganisha kwanza kifuniko hicho na ukipe waya wake wa ardhi.